Kobe ya 1972 inanizimikia mlima wa Soni, kabureta imefunguliwa mara tatu, wakuu nimechoka

kobe72
Wakuu salaam. Nina Volkswagen Beetle ya 1972, injini 1300, aliinunua marehemu mzee na mimi nikairithi pamoja na tabia zake. Niko Tanga mjini na kila baada ya wiki tatu nne napanda Lushoto kumwangalia mama. Barabara kubwa yote, Muheza, Segera, Korogwe mpaka Mombo, inakwenda vizuri tu, themanini hadi tisini haina neno, nikikata pale Mombo kuanza kupanda kuelekea Soni ndo balaa linaanza. Inashtuka kama mtu aliyepaliwa, inapiga bunduki moja mbili kwenye ekzosi, nikikanyaga klachi inazima kabisa.

Napaki pembeni kwenye zile kona (mnaozijua mnazijua, mkono huu mwamba mkono huu korongo halafu basi linakuja linapiga honi), nafungua nyuma, namwagia pampu ya mafuta maji, nakaa robo saa, nawasha, inawaka kama haijafanya kitu. Kilomita mbili tatu inarudia. Safari ya juzi Mombo mpaka Lushoto, ambayo ni kilomita thelathini na kitu tu, nimetumia saa mbili na nusu, mpaka watoto wa pale Soni wanaouza matunda wamenizoea jina.

Mpaka sasa nimebadilisha pampu ya mafuta, koili, plagi zote nne na kondensa. Kabureta imefunguliwa mara tatu na mafundi watatu tofauti na kila mmoja kaanza kwa kumponda aliyemtangulia. Wa mwisho kaniambia ni vepa loki, mafuta yanachemka njiani kabla hayajafika kwenye kabureta, nitoe laki mbili aniwekee pampu ya umeme. Kabla sijaitoa hiyo hela nimeona niulize humu. Natanguliza shukrani.

Nyundo_Moja
Fundi wako yuko sahihi, hiyo ni vepa loki bila ubishi. Injini ya upepo, mlima, joto la Mombo, unategemea nini? Zamani tulikuwa tunabana vibanio vya nguo vya mbao kwenye paipu ya mafuta, vinne vitano, gari inapanda mpaka juu. Fanya hivyo uokoe laki mbili yako.

kobe72
Vibanio nimeweka mkuu. Sita. Mke wangu bado anavitafuta.

mtu_wa_pwani
Angalia kifuniko cha tenki pale mbele. Vingine vina kitundu cha kupumulia, kikiziba tenki linajivuta, mafuta hayatoki. Ikizima fungua kifuniko, ukisikia fyuuu hewa inaingia ujue ndo hicho. Mimi kilinisumbua mwezi mzima.

kobe72
Nilijaribu, hakuna fyuuu.

Mzee_Gereji
Kijana usitoe laki mbili bado. Nimefungua hizi injini tangu enzi hizo gari za serikali zikiwa hizi hizi, sasa nimestaafu nafuga kuku huku Moshi, lakini mkono haujasahau. Nijibu kwanza, na ujibu ulivyoona wewe, usijibu alivyosema fundi.

Ikifa inafaje, inaishiwa pole pole kama mtu anayesinzia au inakatwa ghafla kama umezima swichi? Ile milio ya bunduki inatangulia au inafuata? Ikishazima na swichi iko oni, zile taa mbili za dashibodi, ya chaji na ya oili, zinawaka au kunakuwa giza? Huko barabara kubwa ni kweli haishtuki kabisa hata kidogo, fikiri vizuri. Na la mwisho ndo nalitaka zaidi: umewahi kuipiga stata hapo hapo, sekunde hiyo hiyo, bila kumwaga maji na bila kusubiri?

kobe72
Mzee shikamoo. Haya ngoja nijibu.

Inakatwa ghafla, halafu inarudi nusu sekunde, inakatwa tena, ndo maana nasema kama kapaliwa. Bunduki zinakuja katikati ya kukatwa na kurudi. Taa zote mbili zinawaka. Barabara kubwa haishtuki ila sasa umenikumbusha, nikifika vijijini kwenye matuta nikiachia mafuta kisha nikanyage tena huwa inajikwaa mara moja hivi, nilijua ni kawaida ya gari kuukuu.

La mwisho ni aibu. Sijawahi. Kila ikizima nashuka na dumu la maji kwa sababu ndivyo nilivyoelekezwa.

Mzee_Gereji
Marahaba. Hapo umeshaniambia mengi kuliko mafundi wako watatu.

Gari ikikosa mafuta inafifia. Kwenye kabureta kuna kibakuli, kina akiba, petroli inapungua humo kidogo kidogo, kwa hiyo injini inakosa nguvu, inalegea, inavuta miguu, ndo inakufa. Haikatwi kama kisu. Ikikatwa kwa kisu halafu ikarudi halafu ikakatwa tena, huo ni umeme. Na ile bunduki ndo shahidi: mafuta yameingia kwenye silinda, cheche haikuja, yametoka mabichi mpaka kwenye ekzosi ambayo ni ya moto, cheche iliporudi ukatoka moto ukayalipua kule. Gari isiyo na mafuta italipua nini?

Taa kuwaka maana yake swichi yako ya funguo haikati, angalau sio yote. Kwa hiyo tunabaki na koili inayotengeneza cheche, waya zake, na vilivyomo ndani ya distributa, kile kinachogawa cheche kwenye plagi, pamoja na pointi zake zinazofunga na kufungua umeme wa koili. Hilo jambo la matuta liweke mfukoni tutalirudia.

Jumamosi ukipanda tena, ikizima usishuke. Piga stata hapo hapo. Njoo uniambie.

BugNakuru
Hi watu wa Tanga, mimi niko Nakuru na nina yangu ya '68. Yangu ilikuwa inazima ikipata moto na ilikuwa coil. Nilikuwa naweka mkono juu ya ile coil pale kwa fan housing na huwezi shika hata sekunde mbili. Ikipoa inaamka. Mechanic alinipimia na mita, kati ya vichwa vya waya vya coil, namba 15 na namba 1, inafaa kuwa ohm tatu hivi mpaka nne, yangu ikiwa baridi iko sawa, ikiwa moto mita haisomi kitu, waya imekatika ndani inaachana ikitanuka. So isipoamka mara moja, shuku coil hata kama ni mpya, hizi mpya siku hizi zingine ni bure kabisa.

Na musiseme vibaya juu ya Beetle na milima, hii gari ilishinda Safari Rally 1954, 1957 na tena 1962. Na hiyo ilikuwa matope sio lami 😂

Mzee_Gereji
Dada wa Nakuru umesema kweli tupu, ndo maana nataka ajaribu bila kusubiri. Koili iliyokufa kwa joto haifufuki kwa sekunde moja. Petroli iliyochemka nayo haipoi kwa sekunde moja. Ikiwaka hapo hapo, ujue joto tunalisingizia.

dsm_spea
Wakuu mnapoteza muda. Toa hiyo distributa ya kizamani weka aina ya 009 au weka ile ya elektroniki isiyo na pointi, umemaliza. Karne hii bado mnakwangua pointi na msasa? Gerezani hapa Dar zipo, feki zipo na nzuri zipo, ukija nakupeleka.

Nyundo_Moja
Mkuu wa spea amefika, kila ugonjwa dawa yake ni kununua.

kobe72
Wakuu nimerudi. Nimepanda leo asubuhi peke yangu, mke amekataa kupanda gari hili.

Nilipopita kile kipande cha kwanza kirefu baada ya Mombo, gia ya pili, ikaanza. Ikakatwa, ikarudi, bunduki, nikakanyaga klachi, ikafa. Sikushuka. Nikapiga stata. IKAWAKA PALE PALE. Nimekaa kwenye usukani nacheka peke yangu kama chizi, miaka miwili namwagia maji gari isiyokuwa na homa.

Nimeendelea hivyo hivyo, ikifa napiga stata, inawaka. Imekufa mara tisa mpaka Soni. Mara zote tisa imewaka hapo hapo. Nimefika Lushoto dakika hamsini.

Sasa mzee, ni nini?

Mzee_Gereji
Sasa tutoe lile la matuta mfukoni.

Angalia distributa yako. Ubavuni ina kikopo cha bati kama kisoda kikubwa, kinatoka mpira mwembamba unakwenda kwenye kabureta. Hicho ni cha vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Ukikanyaga mafuta kabureta inavuta hewa kwenye huo mpira, ndani ya kikopo kuna ngozi, ngozi inavuta fimbo, na fimbo inazungusha ile sahani iliyobeba pointi, ili cheche iwahi kidogo. Kwa hiyo sahani hiyo haijatulia, inacheza kila mguu wako unapocheza. Gari ikisaga, injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, imelala upande huu. Barabara kubwa, mguu umetulia, imevutwa mpaka mwisho upande ule na inakaa huko huko. Mlimani kwenye kona, unaachia, unakanyaga nusu, unaachia, sahani inashinda katikati. Kwenye matuta pia inapita katikati, ila mara moja tu, ndo maana inajikwaa mara moja.

Na injini ikifa je? Hakuna tena kinachovuta, sahani inarudi kulala pale pale inapolala gari ikisaga. Unapiga stata inawaka. Ukiachwa robo saa inawaka pia, na wewe unayashukuru maji.

Sasa jiulize kuna nini kinachokunjwa na kukunjuliwa kila sahani inapocheza.

BugNakuru
WAYA YA POINTS 🤯

Mzee_Gereji
Umepata dada. Ule waya mfupi unaotoka kwenye pointi kwenda nje. Umekunjwa hivyo tangu 1972 au tangu alipobadilisha mtu wa mwisho. Nyuzi za shaba zinakatika moja moja ndani ya plastiki, plastiki yenyewe inabaki nzima, ukiuangalia unaona waya mzuri kabisa. Sahani ikilala nyuzi zinagusana, ikivutwa mwisho zinagusana, ikiwa katikati zinaachana. Sijasema ndo huo, nasema tuupime.

Goma_mecano
Pole ndugu. Sisi huku Goma pointi tunaita platine. Kuna tena kawaya kengine kadogo ka masi ndani ya distributa, kanatoka kwa ile plateau, ile sahani, kuenda kwa mwili wa distributa, na kenyewe kanakatikaka. Aangalie vyote viwili.

Mzee_Gereji
Kweli kabisa, asante ndugu wa Goma. Huo wa asi, wa kurudishia umeme kwenye bodi, ukikatika sahani inategemea kugusana chuma kwa chuma na ina grisi, matokeo ni yale yale.

Haya kobe72, kupima. Huhitaji mashine. Tafuta balbu ndogo ya gari ya volti 12, ya indiketa inatosha, ichomelee waya mbili. Fungua kofia ya distributa, toa rota, kile kinachozunguka chini ya kofia. Shika spana namba 21 kwenye nati ya jenereta, zungusha injini kwa mkono na mkanda wake mpaka uone pointi zimefunga. Hapa usikie vizuri: usiziache zimefunga pembezoni, tafuta katikati kabisa ya kufunga kwake, yaani zungusha uone zinapofunga, endelea uone zinapofungua, kisha urudi katikati ya hapo. Kwa sababu sahani ikizunguka, pointi zenyewe zinaweza kupanda kwenye kamu, kile kinundu kinachozifungua, zikafunguka, balbu ikazima, ukasema waya mbovu kumbe mzima. Nimeona fundi mzima akidanganyika hivyo.

Washa swichi, usiwashe injini. Balbu waya mmoja kwenye namba 15 ya koili, mwingine kwenye namba 1. Pointi zikiwa zimefunga balbu itawaka maana namba 1 imepata asi kupitia pointi. Sasa chomoa mpira wa vakyumu upande wa kabureta, utie mdomoni, unyonye taratibu huku unaangalia balbu. Usiache swichi oni muda mrefu, pointi zikiwa zimefunga koili inakula umeme tu na itaungua, dakika moja moja upumzishe.

Nyundo_Moja
Mzee anamfundisha mtu kunyonya gari.

kobe72
Jamani jamani jamani.

Nimefanya jioni hii, mwanangu wa darasa la sita kashika balbu. Imewaka vizuri nyeupe. Nikatia mpira mdomoni (una ladha ya petroli na vumbi la miaka hamsini), nikanyonya kidogo sana, nikaona sahani inasogea kama upana wa kucha. Balbu ikazima. Nikaendelea kunyonya, sahani ikafika mwisho, balbu ikawaka. Nikaachia taratibu, ikazima katikati, ikawaka mwisho. Mtoto anasema baba fanya tena. Nimefanya mara kumi. Jirani kapita kaniona nimeinama nimeuma mpira wa gari, kanisalimia kwa heshima kuliko siku zote.

Nikakumbuka onyo la mzee kuhusu pointi kufunguka, nikachukua kipande cha waya nikaunga moja kwa moja kutoka ule mkono wa pointi mpaka namba 1 ya koili, kuruka ule waya mfupi. Nikanyonya. Balbu haizimi popote. Nikatoa kiungo changu, inazima katikati. Ni huo waya wakuu, ni huo huo.

mtu_wa_pwani
Daah. Na umeshabadilisha pampu, koili, kondensa na plagi.

kobe72
Na kabureta mara tatu usisahau. Na kila aliyebadilisha kitu tulikuwa tunawasha pale pale gereji, inasaga vizuri, tunapeana mikono.

Mzee_Gereji
Ndo ugonjwa wa mafundi wengi, wanapima gari ikiwa nzima. Gari ikisaga gerejini ule waya unagusana, utapima siku nzima kila kitu ni sawa.

Lakini tusiwalaumu sana. Hata kondensa nilitaka kuishuku. Kondensa mbovu inaunguza pointi, inafanya cheche kuwa dhaifu ya rangi ya machungwa badala ya ile ya bluu inayopiga ta ta ta, na za siku hizi hazitabiriki, unaweza kununua tatu ikafaa moja. Ila kondensa mbovu haichagui mguu wako uko wapi.

dsm_spea
Sasa mzee, ona. Angeweka 009 kama nilivyosema tatizo lingekwisha siku hiyo hiyo maana 009 haina vakyumu, sahani haichezi. Ubishi wa nini?

Mzee_Gereji
Ni kweli lingekwisha, sikatai. Ungekuwa umemtibu bila kujua ugonjwa. Lakini 009 ukiiweka na kabureta ya kawaida ya gari hii, ukikanyaga mafuta ghafla inazubaa kwanza ndo inaondoka, kwa sababu hakuna cha kuiwahisha cheche wakati huo. Kwenye mlima wa Soni nyuma yako kuna lori, hapo unapozubaa ndo sipapendi. Watu wanaitumia na wanaishi nayo, wengine wanabadilisha jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia mafuta, kuiponya. Mimi nikiwa na distributa ya vakyumu iliyo nzima, siitoi.

Na ya elektroniki sina ugomvi nayo, inafanya kazi vizuri, haihitaji kusetiwa kila mara. Ila ikifa imekufa, hakuna fundi wa Mombo wala wa Soni atakayeiamsha. Pointi zikichafuka nazikwangua na kiberiti naondoka.

dsm_spea
Haya mzee nimekuelewa, ila pointi nzuri nazo mtazikosa mtanitafuta.

BugNakuru
Hio ni ukweli, hapa kwetu Kenya, Kirinyaga Road ya Nairobi, unaweza zunguka siku mzima upate points zenye ile fibre ya kusuguana na kamu inaisha na wiki mbili. Swali kwa mzee, huo waya anatoa wapi? Points zinakuja na waya yake lakini hizo mpya waya zake ni ngumu kama ya nyumba.

Mzee_Gereji
Swali zuri sana. Asiweke waya wa nyumba, asiweke waya wa taa za gari, hizo zina nyuzi nene chache, zitakatika mwezi mmoja. Inatakiwa nyuzi nyembamba nyingi, laini kama uzi wa nguo. Mimi nilikuwa nachukua waya wa mita ya kupimia umeme, zile nyaya nyekundu na nyeusi zenye sindano. Umetengenezwa kukunjwa. Kata kipande, chomelea kwa risasi kwenye kile kibati cha pointi na kwenye mwisho mwingine, lakini risasi isipande juu ya waya, maana pale risasi inapoishia ndo utakatika tena. Uache mrefu kidogo ucheze, usiwe umevutika, na usiguse kamu wala rota.

kobe72
Mrejesho wakuu.

Nimekwenda Ngamiani kwa fundi redio, sio fundi gari. Nikampa pointi na mita mbovu ya mwanangu, nikamwambia nataka huu waya uende hapa. Kachomelea dakika tano kanidai elfu tatu. Nikamwomba akate ule waya wa zamani tuone, akachana plastiki kwa wembe: ndani shaba imekuwa nyeusi, nyuzi zimekatika zote isipokuwa mbili, na hizo mbili zimebaki kama unywele. Nimeuweka kwenye kisahani cha majivu ndani ya gari, kila fundi nitakayempelekea gari namwonyesha kwanza.

Nikaangalia na ule mdogo wa asi aliosema ndugu wa Goma, ni mzima. Pointi nimeseti mwenyewe kwa fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, milimita 0.40, nilikuta ziko chini ya hapo sana, ile fibre imelika na kamu ilikuwa kavu haina hata tone la grisi.

Mzee_Gereji
Vizuri. Fibre ikilika pointi zinakaribiana na taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, inachelewa yenyewe, gari inakuwa nzito unasema imechoka. Weka grisi kwenye kamu kidogo tu, kama punje ya mchele, ikizidi inarukia kwenye pointi. Na kwa kuwa umegusa pointi, taimingi ni lazima uiseti upya, gapu kwanza taimingi baadaye, ukigeuza utarudia kazi. Angalia namba zilizochongwa kwenye distributa yako ujue inasetiwa vipi, usikubali fundi aseti kwa kusikiliza sikio.

Nyundo_Moja
Mimi nimeseti kwa sikio miaka ishirini.

Mzee_Gereji
Na vibanio vya nguo.

mtu_wa_pwani
😂😂😂 uzi huu uwekwe juu

kobe72
Jana Jumapili nimepanda. Nimeondoka Mombo saa mbili na dakika kumi asubuhi, mke kakaa mbele, kakubali kwa sharti kwamba ikizima hata mara moja anapanda basi. Sikuzima hata redio. Pale kwenye kona ambayo huwa inafia, nimefanya makusudi, nimeachia mafuta nikakanyaga nusu, nikaachia nikakanyaga tena, mke anauliza una nini na huo mguu. Haikushtuka. Soni wale watoto wa matunda waliniona napita bila kusimama wakapiga kelele, ikabidi nirudi rivasi ninunue peasi. Lushoto saa tatu kasoro kidogo.

Imebaki kitu kimoja, ikiwa baridi asubuhi inamisi silinda moja kama dakika mbili hivi kisha inakaa sawa. Nimechomoa waya za plagi moja moja, nikichomoa ya namba tatu mlio haubadiliki.

Mzee_Gereji
Namba tatu ni ile ya kushoto upande wa mbele ya gari. Usiku wa giza fungua boneti nyuma injini ikisaga, nyunyiza maji kidogo kwa chupa kwenye waya hiyo na kichwa chake, utaona cheche za bluu zinatembea nje kama jini. Usishike kwa mkono, hiyo itakurusha. Na huko Lushoto kuna ukungu asubuhi, nahisi kichwa cha waya kimepasuka.

kobe72
Sawa mzee, leo usiku naangalia. Shikamoo tena.

dsm_spea
Mkuu kobe72, ile koili ya zamani uliyotoa si ilikuwa nzima? Unaiuzaje?

kobe72
Haiuzwi. Ndo nimeirudisha kwenye gari, mpya ndo nakuuzia. Na pampu ya mafuta. Na vibanio sita.